Mary Anning, mwokota mawe wa Lyme Regis

Mwaka 1839 jarida la Magazine of Natural History la London lilichapisha mistari michache iliyotolewa katika barua ya mwanamke wa Lyme Regis, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza. Mwanamke huyo alikuwa anasahihisha kosa. Jarida lilikuwa limemtaja papa wa kale aitwaye Hybodus kama aina mpya. Yeye akajibu kwamba hakuna upya hapo, kwa kuwa papa wenye meno yaliyonyooka pamoja na yaliyopinda alikuwa amekwisha kuwaona ndani ya mawe miaka mingi nyuma. Basi. Mistari hiyo ndiyo maandishi yake pekee yaliyotokea katika jarida la sayansi wakati wa uhai wake. Jina lake ni Mary Anning, na wakati huo wataalamu wa mifupa ya kale walimjua kutoka London mpaka Paris.

Nimeamua kusimulia maisha yake katika jarida la kitivo cha lugha, wala sikuwaachia wenzetu wa jeolojia, kwa sababu jambo lililomsumbua linatuhusu. Yeye alijua, wengine wakaandika. Yeye alipata vitu, wengine wakavipa majina. Sisi ambao kazi yetu ni maneno, na mara nyingi maneno tuliyopewa na watu wengine, tuna sababu ya kumtazama kwa makini.

Mary alizaliwa tarehe 21 Mei 1799. Baba yake, Richard, alikuwa seremala wa makabati. Mama yake naye aliitwa Mary, lakini watu walimwita Molly. Walizaa watoto karibu 10, na waliofikia utu uzima ni 2 tu: Mary na kaka yake Joseph. Hata jina la binti huyu lilikuwa la marehemu. Dada yake mkubwa, Mary wa kwanza, alikufa mwaka 1798 nguo zake ziliposhika moto, akiwa na umri wa miaka 4. Msomaji wa huku kwetu hatashangaa mtoto kupewa jina la aliyetangulia. Tunajua kwamba jina la namna hiyo ni faraja na ni mzigo pia.

Kifo kilimkaribia yeye mwenyewe kabla hajajua kusema. Tarehe 19 Agosti 1800 watu wa mji walikusanyika uwanjani kutazama maonyesho ya farasi. Mvua ikaja, na jirani aliyembeba mtoto akakimbilia chini ya mti pamoja na wanawake wengine 2. Radi ikapiga mti. Wanawake wote 3 walikufa. Mtoto aliokotwa kama maiti, akakimbizwa nyumbani, akatiwa katika maji ya moto, akapumua. Kwa miaka mingi watu wa Lyme walisema kwamba akili kali ya Mary ilitoka katika radi ile. Watu hupenda sababu za namna hiyo pale ambapo mtoto wa maskini anajua mambo ambayo hakutegemewa kuyajua.

Maskini walikuwa kweli. Zaidi ya hayo, walikuwa Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza, na katika nchi ile wakati ule mtu wa namna hiyo alifungiwa milango mingi. Kwa mfano, hakuweza kupata shahada katika chuo kikuu cha Oxford wala cha Cambridge. Lakini kanisa lao dogo lilikuwa na shule ya Jumapili, na humo Mary alifundishwa kusoma na kuandika. Masomo yake rasmi yaliishia hapo. Yaliyofuata alijifundisha mwenyewe.

Ili kuelewa kazi yake lazima kwanza kuielewa pwani ya Lyme. Magenge yake yamejengwa kwa tabaka: tabaka la chokaa, tabaka la udongo mweusi ulioganda, tena chokaa, tena udongo, kama kurasa za kitabu kilicholazwa. Matope hayo yalikaa chini ya bahari ya joto miaka karibu milioni 200 iliyopita, na wanyama waliokufa baharini walizama humo, wakafunikwa, wakageuka mawe polepole. Mabaki hayo ndiyo tunayoyaita visukuku. Kila kipupwe mvua na mawimbi hubomoa magenge, udongo ukaporomoka hadi ufukoni, na visukuku vikatoka nje. Havikai muda mrefu. Bahari inayovifunua ndiyo inayovivunja na kuvichukua. Kwa hiyo majira mazuri ya kuokota ni yale mabaya ya kutembea: baridi, upepo, mvua, na ukuta wa udongo uliolowa unaoning'inia juu ya kichwa.

Halafu kuna kupwa na kujaa. Sisi wa bara, tuliozoea mito na maziwa, twapaswa kukumbuka kwamba bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Maji yakipwa, ufuko hufunguka chini ya magenge na mtu anaweza kutembea kutoka Lyme mpaka kijiji cha Charmouth, kilomita kama 3 upande wa mashariki. Maji yakijaa, bahari hupiga mguu wa genge, na aliyechelewa hana pa kupitia. Siku ya kazi ya Mary ilipangwa na bahari. Maji yakipwa alfajiri, alitoka alfajiri. Yakipwa mchana, alitoka mchana. Alivaa nguo nzito, akabeba kikapu na nyundo, akatembea huku macho yake yakiwa chini, akitafuta rangi au mkunjo ambao si wa jiwe la kawaida. Akiona kitu kikubwa, alikiwekea alama na kuwaita wanaume wa kumsaidia kuchimba kabla maji hayajarudi.

Njia hiyo alifundishwa na baba yake. Vita vya Napoleon viliwazuia Waingereza wenye mali kwenda kupumzika Ulaya bara, wakaanza kuja katika miji ya pwani yao wenyewe, na Richard aliwauzia vitu vya ajabu alivyookota, juu ya meza karibu na karakana yake. Aliwachukua watoto wake wote wawili ufukoni. Siku moja alianguka gengeni akaumia vibaya, naye alikuwa tayari na kifua kikuu. Alikufa mwishoni mwa mwaka 1810, akaacha deni la pauni 120, fedha nyingi sana kwa fundi. Mama Molly na watoto wakaishi kwa msaada ambao parokia iliwapa maskini. Mary alikuwa na miaka 11. Tangu hapo mawe yakawa chakula.

Mwaka 1811 Joseph aliona ufukoni, kati ya Lyme na Charmouth, fuvu lenye urefu wa zaidi ya mita 1, lenye meno mengi na jicho kubwa kama sahani. Sehemu nyingine ya mnyama haikuonekana. Joseph alikuwa anajifunza ufundi wa kupamba viti na makochi, hakuwa na muda. Mary ndiye aliyeendelea kutafuta, na mwaka 1812, akiwa na miaka 12 au 13, akaupata mwili. Watu wa mji walisema ni mamba. Mkuu mmoja mwenye mashamba katika eneo hilo, Henry Hoste Henley, aliununua kwa pauni kama 23. Kutoka kwake mnyama akaenda London, katika nyumba ya maonyesho ya William Bullock, ambapo watu walipanga foleni kumtazama.

Mwaka 1814 daktari mpasuaji Everard Home alitoa maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuhusu mnyama huyo. Aliyumba sana: mara alimwona samaki, mara kiumbe fulani kati ya salamanda na mjusi. Jina lililoshinda lilitoka kwa Charles Konig wa Jumba la Makumbusho la Uingereza: Ichthyosaurus, maneno mawili ya Kigiriki yaliyounganishwa, samaki na mjusi. Katika maelezo yale ya Home jina la Anning halimo. Watoto waliomtoa mnyama matopeni hawakutajwa hata kwa neno moja.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Ilifika siku ambapo familia iliuza meza na viti ili kulipa kodi ya nyumba. Mteja wao mmoja, mwanajeshi mstaafu Thomas Birch, aliona aibu. Vitu bora vilivyokuwa nyumbani kwake, vilivyompa sifa mbele ya wageni, alivinunua kwa watu hawa wasio na viti. Mwaka 1820 aliuza kwa mnada London mkusanyiko wake wote na kuwapa familia ya Anning fedha zilizopatikana, karibu pauni 400. Mnada ule uliwatoa katika njaa, na ulifanya jambo la pili ambalo naona ni kubwa vilevile: uliwafanya wanunuzi wa London na Paris wauulizie ukoo wa Anning kwa jina.

Desemba 1823 Mary alifukua mnyama mwingine ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona mzima: kichwa kidogo, mwili mpana, miguu minne kama makasia, na shingo ndefu isiyoaminika. Mwanajeolojia William Conybeare alikuwa amekwisha kutunga jina la Plesiosaurus, yaani aliye karibu na mjusi, kwa kutumia vipande vichache; sasa mnyama kamili alikuwa amepatikana. Michoro ilipofika Paris, Georges Cuvier, aliyeheshimiwa kuliko wote katika elimu ya mifupa, alitilia shaka. Shingo ile ilikuwa na pingili nyingi kupita kiasi. Huenda mtu alikuwa ameunganisha mifupa ya wanyama wawili ili apate bei nzuri.

Hapa tusimame kidogo tupime hatari. Kwa Cuvier hilo lilikuwa shaka la kitaalamu. Kwa Mary lilikuwa swali la kuishi. Mwuzaji wa visukuku akiitwa mghushi na Cuvier, nani atanunua tena kwake? Mapema mwaka 1824 Chama cha Jeolojia cha London kilikutana kulijadili jambo hilo. Mary hakuwepo, chama hakikupokea wanawake, hata kama wageni. Mifupa ilichunguzwa, ikaonekana ni ya mnyama mmoja, na Cuvier akakiri kwamba alikosea. Conybeare akamweleza mnyama mbele ya wanachama kwa ufasaha. Jina la aliyemfukua, aliyemsafisha na kumpanga mfupa kwa mfupa bila kukosea, hakulitaja.

Baada ya hapo wasomi walikuja wenyewe. Mwaka 1826, akiwa na miaka 27, Mary aliweza kununua nyumba yenye dirisha la kioo mbele, akafungua duka. Wageni waliingia, wakatazama, kisha wakaomba kwenda naye ufukoni. William Buckland, aliyefundisha jeolojia Oxford, alitembea naye mara nyingi. Henry De la Beche, aliyekulia kwa sehemu pale Lyme, alikuwa rafiki yake tangu ujana; tuseme pia kwamba mali iliyompa De la Beche nafasi ya kusoma mawe ilitoka katika shamba la miwa la Jamaica, lililolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Charlotte Murchison, ambaye mumewe Roderick alikuja kuwa mwanajeolojia mashuhuri, alikaa Lyme majuma kadhaa mwaka 1825 ili ajifunze kazi kwa Mary.

Nikisoma habari za matembezi hayo, naona siku iliyojirudia mara nyingi sana. Maji yanapwa. Mwanamke wa ufukoni anatangulia, msomi anafuata, matope yanamshika viatuni. Msomi anaona mawe. Mwanamke anaona ubavu, pingili, jicho. Anainama, anagonga mara mbili, anafungua jiwe palepale linapotaka kufunguka. Anaeleza. Msomi anaandika katika daftari. Kabla ya maji kujaa wanarudi mjini, naye msomi anapanda gari la farasi akiwa na daftari mfukoni. Mwanamke anabaki na nyundo.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Mary alikuwa na mikono na wao walikuwa na akili. Wako waliosema hivyo, na si kweli. Jioni, baada ya kusafisha mifupa kwa sindano na brashi, alisoma. Makala za kitaalamu zilikuwa ghali, kwa hiyo aliziazima na kuzinakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na michoro, na michoro aliyoinakili ilikuwa bora kiasi kwamba ni vigumu kuitenganisha na ya asili. Alipasua samaki na ngisi wa kawaida ili alinganishe viungo vyao na vile alivyovikuta ndani ya mawe. Mtu anayelinganisha kilicho hai na kilichokufa ili apate kanuni hawezi kuitwa mwokotaji tu. Huyo ni mtafiti.

Nitoe mifano miwili. Ufukoni kulikuwa na mawe ya mviringo yasiyo na uzuri ambayo watu waliyaita mawe ya bezoa. Mary aliona kwamba mara nyingi yalikuwa ndani ya tumbo la Ichthyosaurus, na kwamba ukiyavunja unakuta humo magamba na mifupa ya samaki. Kutokana na hayo Buckland alithibitisha mwaka 1829 kwamba ni kinyesi kilichogeuka jiwe, akatunga jina la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, koproliti. Sasa watu waliweza kujua nani alimla nani katika bahari ya miaka milioni 200 iliyopita. Mfano wa pili ni wa belemniti, mnyama wa jamii ya ngisi. Mary aligundua ndani yake kifuko chenye wino uliokauka, kama cha ngisi wa leo. Rafiki yake Elizabeth Philpot, bibi aliyemzidi umri na cheo na aliyekusanya visukuku pamoja naye, akauloweka wino huo kwa maji na kuchora nao picha za visukuku. Sijui picha nyingine inayofaa zaidi ukuta wa kitivo chetu: wino uliongoja tangu kabla ya kuwapo mwandishi yeyote, na bado unaandika.

Desemba 1828 alifukua mnyama mwenye mabawa, jamii ya pterosauri, wa kwanza kuonekana nje ya nchi ya Wajerumani. Buckland alimweleza mwaka 1829, na safari hii alimtaja Mary kwa jina. Haki itendeke kwa Buckland: wakati wengine walinyamaza, yeye alisema.

Sasa nije kwenye majina, maana hapo ndipo sisi tuna neno la kusema. Watu wa Lyme walikuwa na msamiati wao. Amoniti, zile kome za mviringo uliojikunja, waliziita mawe ya nyoka. Belemniti waliziita vidole vya shetani. Ichthyosaurus alikuwa mamba. Majina hayo yalitungwa na wavuvi na watoto walioviona vitu hivyo kila siku. Wasomi walileta msamiati mwingine, wa Kigiriki na Kilatini, na wenyewe walikuwa na sababu nzuri: mamba wa Lyme hakuwa mamba, na neno moja lililofaa London lilipaswa kufaa Paris na Berlin. Silaumu Kigiriki. Ninachokiona ni kwamba kutoka msamiati wa kwanza kwenda wa pili kulikuwa na daraja, daraja hilo lilikuwa mtu, na mtu huyo alizijua lugha zote mbili. Mary aliongea na wavuvi kwa maneno ya wavuvi na kumjibu Buckland kwa istilahi za Buckland. Kati ya wote waliotajwa katika habari hii, yeye karibu peke yake alivuka kila siku, kwenda na kurudi. Nao waliovushwa waliandika kana kwamba walifika kwa miguu yao wenyewe.

Alilijua hilo na lilimuuma. Rafiki yake mmoja kijana ameacha habari kwamba Mary aliona wasomi wamejijengea jina kwa kile alichowapa, naye akabaki mikono mitupu. Ndiyo maana mistari ile ya mwaka 1839 ina uzito kwangu. Haikuomba sifa wala huruma. Ilisema tu kwamba jambo fulani limeandikwa vibaya na kwamba yeye alilijua kabla. Aliyezoea kuwasahihisha wasomi ufukoni, kwa mdomo, pasipo shahidi, mara hii alisahihisha kwenye karatasi iliyochapwa.

Kazi yenyewe haikuacha kuwa ya hatari. Oktoba 1833 alikuwa chini ya genge na mbwa wake Tray, aliyemfuata kila siku na kukaa akilinda mahali alipopata kitu. Udongo ukaporomoka ghafla, ukamfukia mbwa mbele ya macho yake, hatua chache tu kutoka miguuni pake. Alirudi kazini. Hakuwa na njia nyingine. Karibu mwaka 1835 alipoteza sehemu kubwa ya akiba yake, na Buckland akasimamia apewe malipo ya pauni 25 kila mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 1830, De la Beche alikuwa amechora Duria Antiquior, picha ya bahari ya kale yenye wanyama wakilana, wengi wao wakiwa wale ambao Mary alikuwa amewatoa mawe. Nakala ziliuzwa ili fedha zimfikie. Wageni waliendelea kuja. Louis Agassiz, Mswisi bingwa wa samaki wa kale, alikuja mwaka 1834, akafundishwa na Mary pamoja na Elizabeth Philpot, na baadaye akafanya ambalo hakuna mwingine aliyelifanya wakati wa uhai wa Mary: aliwapa samaki wawili wa kale jina la Anning. Mfalme wa Saksonia aliingia dukani mwaka 1844 na kununua.

Mary hakuolewa. Aliutoka mkoa wake kwenda London mara moja tu, mwaka 1829. Miaka ya mwisho aliugua saratani ya titi, na dawa kali alizokunywa kutuliza maumivu zilimfanya ayumbe njiani, hata baadhi ya watu wa mji wakamsingizia ulevi. Chama cha Jeolojia kilichomfungia mlango kilimchangia fedha za matibabu. Alikufa tarehe 9 Machi 1847, akiwa na miaka 47. De la Beche, wakati huo rais wa chama, alimtaja katika hotuba ya kuwakumbuka marehemu, heshima iliyowekewa wanachama, na yeye hakuwa mwanachama. Mwaka 1850 wanachama walilipia dirisha la kioo cha rangi katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli pale Lyme kwa kumbukumbu yake. Wanawake walikubaliwa kuwa wanachama kamili mwaka 1919, miaka 72 baada ya kifo chake.

Leo jina lake limerudi. Pwani ile imekuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na jumba la makumbusho la Lyme limesimama pale ilipokuwa nyumba aliyozaliwa. Mwaka 2010 Royal Society ilimweka katika orodha ya wanawake 10 wa Uingereza waliochangia zaidi historia ya sayansi. Mwaka 2015 aina moja ya Ichthyosaurus ilipewa jina lake. Tarehe 21 Mei 2022, siku ya kuzaliwa kwake, sanamu yake ilifunuliwa Lyme: mwanamke anatembea kuelekea baharini, nyundo mkononi, mbwa pembeni. Wapo pia wanaosema kwamba maneno yale ya kuvungavunga ulimi kuhusu muuza kome wa ufukoni, ambayo wanafunzi wa Kiingereza hupewa kama zoezi la matamshi, yalitungwa kwa ajili yake. Ushahidi haujapatikana. Naona ni aina nyingine ya radi: watu wakikosa kumtaja mtu kwa wakati wake, baadaye humtafutia hadithi.

Kwetu, kila mwaka wanafunzi hutoka kwenda kukusanya methali, nyimbo, majina ya mimea na ya samaki. Tunamkuta mama sokoni au mzee uani, anakaa nasi nusu siku, anatuvusha kutoka lugha yake hadi istilahi zetu. Anatusahihisha kwa mdomo. Halafu tunarudi mjini na madaftari, na katika kazi tunayoiwasilisha anageuka kuwa herufi mbili na umri, au neno moja tu, mtoa habari. Wakati mwingine siri inahitajika, na mwenye habari ndiye anayeiomba, basi tuilinde. Lakini mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Pendekezo langu kwa wenzangu na kwa walimu wetu ni dogo. Tumuulize kila mmoja kama anataka jina lake liandikwe. Akikubali, tuliandike kamili, mahali ambapo msomaji ataliona, pamoja na jambo hasa alilotufundisha. Na kabla ya kuwasilisha, turudi kwake tumsomee tulichoandika, apate nafasi ya kusema kwamba hapa mmekosea, hili mimi nililijua zamani. Mary Anning alisubiri mpaka umri wa miaka 40 kupata nafasi hiyo katika maandishi, na aliipata mara moja.